Mvuke wa Bi Kibibi

Palikuwa na tajiri mmoja pale Tanga, Bwana Mahfudhi, aliyetaka jirani yake aache kuchemsha maji. Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Bwana huyu alikuwa na kiyoyozi sebuleni, na alikipenda kupita kiasi. Rimoti aliivalisha nailoni isichakae. Fundi wa kukisafisha hakumtaka, eti atakichubua. Madirisha aliyapigilia misumari ili baridi isitoroke, na chini ya mlango akasokomeza kanga kuukuu. Basi kiyoyozi kikaota ukungu mweusi tii. Sebule ikanuka soksi mbichi, na kila aliyeketi humo akakohoa. Bwana akafukiza udi. Sebule ikanuka soksi na udi, kikohozi kikabaki palepale.

Huko uani kwake alipanga mjane mmoja, Bi Kibibi, muuza mihogo ya kuchemsha. Mdomo wake, jamani, usiombe! Asubuhi moja Bwana akamjia juu.

"Ukungu wangu umeletwa na mvuke wa sufuria yako. Zima jiko, au hama!"

"Nihamie wapi, Bwana? Wateja wangu wote wako hapa."

"Shauri yako!"

Chumba kile na jiko lile ndivyo vilivyomweka Bi Kibibi mjini. Lakini kulia hakulia. Akasema, "Twende tukaamuliwe."

Akaitwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shelukindo, akaletwa sebuleni ajionee. Alipiga chafya hata kabla ya kusalimia.

Bi Kibibi akaanza. "Bwana Mahfudhi, madirisha haya hufunguliwa?"

"Tangu nihamie, hata siku moja!"

"Na mlangoni je?"

"Hapapiti hata sisimizi."

"Ala! Sisimizi hapiti, mvuke wangu ukapita?"

Mwenyekiti akakohoa, au labda alicheka, hata sijui. Bwana akaona anaumbuka.

"Mvuke mwembamba bwana, unapenya popote! Naapa umeingia humu kila siku!"

"Haya, umeingia. Nakubali."

Bwana akachanua uso mzima. "Mwenyekiti, umesikia? Amekubali mwenyewe!"

"Nimekubali. Sasa niambie, na kutoka, ulitokea wapi?"

"Utokee wapi? Kiyoyozi changu kikishavuta hakiachii!"

"Kwa hiyo umo humu mpaka sasa."

"Umo! Umejazana mle ndani, umeoza, unaninukia!"

"Umeozea humu humu?"

"Humu humu! Ulitaka uozee wapi?"

Mwenyekiti akajifuta macho yaliyokuwa yakimwasha, akamgeukia mama wa watu kwa huruma. "Bi Kibibi, mwenzio ameapa, nawe umekubali. Una neno lolote kabla sijakwambia ufungashe?"

"Ninalo, Mwenyekiti, na wala si refu. Mvuke wangu ulikuwa ukijipitia zake kwenda juu, mzima, msafi, unanukia muhogo na nazi. Bwana huyu akauvuta ndani, akaufungia, akaupigilia misumari mpaka umemwozea mikononi, na anakiri kwa kinywa chake. Mimi sina ugomvi. Nahama leo hii hii. Anirudishie tu mvuke wangu, kama ulivyotoka sufuriani."