Mstari wa Besi

Wapendwa, fungeni vitabu kwanza, nina habari ya mwalimu mmoja wa kwaya. Nimpe jina, nimwite Namsifu, na msianze kugeuza shingo kumtafuta kwenye benchi za kwaya yetu. Hayupo. Alikuwa wa usharika wa milimani, kule ambako kanisa limejengwa kwa mawe na ukungu huwahi ibada kuliko waumini.

Siku za juma Namsifu alifundisha shule ya msingi. Jumamosi na Jumapili alifundisha kwaya. Na alikuwa mtunzi. Mnajua mtunzi anavyotaabika? Wimbo unamjia yuko shambani anapalilia migomba, anatupa jembe, anakimbilia nyumbani asije akaudondosha njiani, anauandika kwa penseli kwenye daftari. Daftari linatolewa fotokopi. Fotokopi nayo inatolewa fotokopi. Mwisho wa yote mama wa alto ameshika karatasi, hajui kama kile kidoa cheusi ni nota au ni nzi aliyebanwa mashineni. Namsifu anagonga meza, "Jamani, si hivyo!" Wanamnyooshea karatasi, "Mwalimu, ndivyo ilivyoandikwa." Wala hawakuwa wabishi. Ndivyo ilivyoonekana.

Sasa, huyu Namsifu alikuwa na dada yake mjini. Dada akamletea kompyuta iliyokwisha kutumika, na ndani yake programu ya kuandikia nota. Msikunje uso, wazee wangu, ni jambo rahisi. Unabofya pale unapotaka nota ikae, nayo inakaa: kichwa cha mviringo, mkia umenyooka, na maneno ya wimbo yamejipanga chini yake silabi kwa silabi. Ukimaliza, unabofya mahali pengine, na kompyuta inakuimbia ulichoandika.

Nimesema rahisi, lakini Namsifu alihangaika nayo miezi minne. Wimbo wa kwanza, wa ubeti mmoja tu, ulimchukua siku tatu. Anaandika, anafuta, anaandika tena, nota inaruka mstari mwingine. Walimu wenzake wakamtania, "Mwalimu, hiyo mashine itakuzeesha kabla ya kustaafu." Akawajibu, "Nizeeke, lakini nota zangu zisomeke."

Halafu siku moja, wakati wa mapumziko, watoto wanapiga kelele uwanjani, akamalizia sauti ya nne. Akabofya. Soprano, alto, tenor, besi, zote zikaingia pamoja. Wimbo wake mzima, kama alivyousikia kichwani shambani. Miaka ishirini na miwili anatunga, na hajawahi hata mara moja kuusikia wimbo wake kabla kwaya haijaulemaza wiki sita za mazoezi. Akaufunika mdomo wake kwa viganja viwili, mwalimu mtu mzima, machozi yanamlenga, na kengele ya kuingia darasani ikapigwa asiisikie.

Mnamwonaje? Aliona fahari? Aliona sana! Fundi akisimamisha ukuta ukanyooka, mnataka asirudi nyuma hatua tatu autazame?

Basi. Mwaka ule usharika wao ulikuwa unatimiza miaka themanini, na Namsifu alitunga wimbo kwa ajili ya sikukuu. Wimbo ulieleza jinsi akina mama wa zamani walivyobeba mawe kichwani kutoka mtoni hadi juu kilimani ili kanisa lijengwe. Ukianza, wanawake wanaimba ule upandaji, pole pole, tenor wakiwasindikiza kwa mbali. Besi wamenyamaza. Wananyamaza vipimo ishirini na vinne, yaani vile vyumba vidogo ambavyo wimbo hugawanywa ndani yake. Kisha, ukuta unapoinuka, ndipo besi wanapoingia kwa neno moja, "Tukasimama!" Hapo ndipo wimbo wote ulipokuwa unaelekea.

Akauandika kwenye kompyuta. Zikatoka kurasa tisa. Namsifu akazitazama, moyo ukamshuka. Kurasa tisa ni nyingi mkononi, zinapigapiga kelele zikigeuzwa, na usharika ulikuwa na projekta, naye alitaka nota zionekane ukutani siku ya sikukuu, kubwa na safi, wageni wazione. Akachunguza vitufe vya programu kimoja kimoja, mpaka akakuta kimoja kinachosema kitaficha mistari isiyo na nota. Akabofya. Loo! Mistari mitupu ikatoweka, iliyobaki ikasogeleana, kurasa tisa zikawa sita, zimejaa vizuri, hazina mahali palipopwaya. Akabofya asikilize. Wimbo ukaimba vilevile, hakuna nota iliyopotea. Akaridhika, akazichapa.

Mwalimu wa kwaya wa jimbo lote akapita siku hiyohiyo kukagua maandalizi. Akazichukua zile karatasi, akazigeuza upande huu na ule.

"Hizi umepigia chapa wapi?"

"Mezani kwangu."

"Namsifu! Mezani kwako wapi? Hizi ni za kitabu."

"Kwenye meza yangu, pale shuleni, Mwalimu. Kando ya chaki."

Alitembea siku ile kama mtu anayebebwa na upepo.

Jumamosi akagawa karatasi. Besi wa kwaya ile walikuwa wanaume wanne, na mkubwa wao alikuwa Mzee Aminieli, fundi mwashi wa miaka sabini na moja, ambaye sauti yake mnaisikia kwenye benchi kabla hamjaisikia masikioni. Mzee akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza: soprano, alto, tenor. Akafungua wa pili: soprano, alto, tenor. Besi wenzake wakamtazama. Mmoja akanong'ona, "Mzee, sisi tumeondolewa?" Aminieli aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti, akakaa mpaka sala ya mwisho, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata besi hawakuja. Hata mmoja.

"Ni msimu wa kahawa," akasema Namsifu. "Watakuja." Akaunganisha kompyuta na spika, akaiamuru iimbe besi peke yake, kwaya ikafanya mazoezi na besi ya kompyuta. Besi ile haikohoi. Haichelewi. Haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Mama mmoja wa alto akainua mkono, "Mwalimu, lakini akina baba wako wapi?" Naye akamjibu, "Nota wanazo, mama. Tuendelee."

Jumamosi ya pili, vilevile. Ikabaki wiki moja.

Jumapili baada ya ibada Namsifu akashika njia ya kwa Mzee Aminieli, amekasirika, maneno amekwisha yapanga mdomoni: mtu mzima kama wewe, miaka themanini ya usharika, na wimbo ninyi ndio nguzo yake! Akamkuta mzee uani ananoa patasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kigoda."

Hakukaa. "Baba, mmeniacha. Nimekosa nini?"

Mzee akaweka patasi chini, akajipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na ile karatasi. Akaikunjua juu ya goti.

"Mwalimu, nionyeshe mimi niko wapi."

Namsifu akainama, akafungua ukurasa wa tatu. "Upo hapa, baba. Hapa ndipo mnapoingia."

"Nimepaona. Na kabla ya hapo nilikuwa wapi?"

"Mlikuwa kimya."

"Kimya wapi?" Mzee akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chake kinene, cha kuchongea mawe, chini ya mstari wa tenor, mahali ambapo karatasi ilikuwa nyeupe. "Mwalimu, miaka arobaini na mitatu naimba besi. Kwenye yale madaftari yako ya zamani, tukiwa tumenyamaza, palikuwa na mstari wetu na alama za kimya. Mimi nilikuwa nazihesabu kwa kidole, moja moja, na wenzangu wananitazama kidole. Kazi yetu ilikuwa imekwisha anza. Kwenye hii karatasi, mimi ni mgeni nimebisha hodi katikati ya wimbo wa watu."

Namsifu akakitazama kile kidole.

"Kunyamaza si kuondoka, Mwalimu," akasema Mzee Aminieli. "Lakini ukinifutia mstari, nitajuaje kama bado nahesabiwa?"

Wapendwa, yale maneno aliyoyapanga njia nzima yaliishia pale. Akakaa kwenye kigoda ambacho alikikataa, akainamisha kichwa. Baadaye akasema tu, "Baba, nilitaka ziwe safi." Mzee akamwambia, "Najua, mwanangu. Na ni safi."

Jumatatu, kabla ya kipindi cha kwanza, akafungua kompyuta na kukitafuta kile kitufe. Akabofya mara moja. Mistari ikarudi. Kurasa sita zikawa tisa tena, zimepwaya, na kuanzia ukurasa wa kwanza, chini ya tenor, mstari wa besi umenyooka, hauna nota, ila kila chumba kimewekewa alama yake ya kimya. Akazihesabu mwenyewe. Ishirini na nne. Akachapa upya, akazipeleka nyumba kwa nyumba kwa mikono yake, kwa wanaume wanne, na kila mlangoni alisema, "Nilikosea, baba. Naomba mje."

Wakaja. Jioni za wiki ile hawakukosa hata moja.

Sikukuu ikafika. Kanisa limefurika mpaka madirishani, wageni wa jimbo wako mbele, nota zimeangaziwa ukutani kubwa kama mlango. Wanawake wakaanza kupanda kile kilima, pole pole. Na wanaume wanne wamesimama nyuma yao wima, karatasi mkononi, midomo imefungwa, kidole cha mzee kinatembea. Waumini wakaanza kuwatazama. Mbona hawa hawaimbi? Mbona wamesimama? Kipimo cha kumi. Cha kumi na tano. Cha ishirini. Kanisa lote sasa linasubiri pamoja nao, watu wameacha kukohoa. Kidole kikafika, wanaume wanne wakavuta pumzi moja.

"TUKASIMAMA!"

Ndugu zangu, hakuna aliyewaambia waumini wanyanyuke. Waliinuka wenyewe, benchi zikapiga kelele, bibi mmoja mzee sana, ambaye mama yake alikuwa miongoni mwa wale wabeba mawe, akapiga vigelegele mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya ibada yule mwalimu wa jimbo akamsogelea Namsifu. "Wimbo umetugusa wote. Lakini zile kurasa za mwanzo, kwa nini umeacha mstari mtupu unakula karatasi? Mbona kuna namna ya kuuficha, kama zile ulizonionyesha kwanza?"

Namsifu akainua kichwa. Alikuwa na fahari siku ile ya karatasi nzuri, mnakumbuka, lakini waliomwona walisema haikufika hata robo ya hii.

"Naijua namna hiyo, Mwalimu," akasema. "Ule si mtupu. Una watu wanne."

Sasa tuje kwetu sisi.

Namsifu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Mungu, aliipenda kwaya, hakumtukana mtu, hakufuta hata nota moja. Alitaka ukurasa unaopendeza tu. Na mimi nawauliza, usharika wetu unapendeza, sivyo? Daftari la jumuiya limenyooka. Ratiba imepangwa. Taarifa tunayopeleka jimboni ni safi. Tumewaficha wangapi ili iwe safi hivyo?

Yule mama aliyemzika mumewe mwaka juzi, akaacha kuja jumuiya. Tulisema nini? "Yeye haji siku hizi." Tukaruka jina lake, wiki ya kwanza, ya pili, sasa halisomwi tena. Nani alikwenda kumuuliza kama ameondoka, au kama yupo kimya tu, anahesabu, anangoja zamu yake irudi? Yule kijana aliyepoteza kazi, anaona aibu kukaa mbele. Yule mzee ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno. Hawaimbi. Kweli, hawaimbi sasa. Lakini nani alitupa sisi ruhusa ya kuufuta mstari wao?

Na wengine wenu mmekaa humu humu leo. Mnakuja kila Jumapili, mnatoka, na hakuna mtu aliyewauliza habari tangu Pasaka. Kwenu nasema neno moja: Mwenye wimbo hajakiona hicho kitufe, na hatakibofya kamwe. Kila siku ya ukimya wako ameiwekea alama. Simama kwenye mstari wako, vuta pumzi.

Kwetu wengine, sitawaachia mtoke kwa amina nyepesi. Geuka kwa aliye kando yako. Mtajie jina moja, la mtu ambaye hujamwona hapa siku nyingi, na umwambie ni siku gani wiki hii utakwenda kubisha hodi kwake. Sitaki "tutajitahidi." Nataka jina na siku.

Tajeni. Nasubiri.