Nguchiro Mwalimu wa Mazoezi na Kifua cha Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mikeka yao na majirani wa kuwasengenya, uliingia ukame ukabakiza kisima kimoja tu. Nacho akakikalia Nyati.

"Wadogo mtalamba matope!" alinguruma. "Maji ni yangu na mke wangu."

Nguchiro hakumfikia Nyati hata magotini. Kazi yake ilikuwa kufundisha mazoezi, na marehemu baba yake alimwachia kanuni tatu: kimbia kwa nguvu zote, lakini kwa muda mfupi; pumzika mara mbili ya ulivyokimbia; kifua kikibana, acha papo hapo. Kwa kanuni hizo alikuwa amewaimarisha wengi, na hakuna aliyewahi kuumia mikononi mwake.

Asubuhi moja mwanawe alilia, na machozi hayakutoka. Yalikuwa yamekauka. Nguchiro akatoka mbio, huyoo, mpaka kisimani.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Lahaula! Tumbo gani hilo?"

"Lina nini?"

"Linakutangulia! Harusini kwa Pundamilia ulicheza ngoma moja tu, ukakaa chini, haa, haa, haa, ulimi nje. Wageni walicheka mpaka wakamwaga togwa."

Nyati akainamisha kichwa. Kumbe jambo hilo lilikuwa likimkosesha raha. "Nifanyeje, mwenzangu?"

"Mazoezi makali. Kila siku jua likiwa utosini, panda kile kilima mbio, shuka, panda tena. Mara kumi. Bila kupumzika, bila tone la maji."

Kanuni za baba yake, Nguchiro alikuwa amezipindua mbili za kwanza, na alijua.

Basi Nyati akaanza. Tifu! Tifu! Tifu! Vumbi likatanda kilima kizima. Akimaliza alianguka kivulini akakoroma hadi jioni. Huku nyuma digidigi, pimbi, panya na kanga walijipanga kisimani, wakanywa, glu, glu, glu, na kujaza vibuyu vyao.

Siku ya nne Nyati alikuja na sega la asali.

"Hii yako, Mwalimu. Nimepungua! Na nikwambie neno. Tangu nizaliwe, watu wananiogopa tu. Wewe peke yako umenitazama ukaona nahitaji msaada."

Nguchiro aliipokea asali, lakini hakuila. Aliwagawia watoto.

Siku ya sita, baada ya mzunguko wa saba, Nyati alisimama ghafla. Jasho lilimtiririka, midomo imekuwa ya kijivu.

"Mwalimu, kifua kinabana. Na huu mguu wa mbele, wa kushoto, unakufa ganzi."

Nguchiro alielewa vizuri alichokisikia. Akageuka kutazama kule bondeni. Foleni ilikuwa ndefu, na mwanawe alikuwa bado hajafikiwa.

"Ni mafuta yanayeyuka," akasema, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Bado mara tatu. Kaza, Bwana!"

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Tifu, tifu, tifu. Tifu... tifu... Kileleni hakufika. Puu! Ardhi ikatetemeka, na Nyati hakuinuka tena.

Wadogo walishangilia, wakambeba Nguchiro juu juu. "Kamwangusha! Mdogo kamwangusha mkubwa!" Wakamletea kata ya maji. Akaishika mkononi mpaka wote walipotawanyika, kisha akaimwaga.

Matanga yalipoanuliwa, Bi Nyati alibisha hodi kwa Nguchiro akiwa na kikapu cha mahindi mabichi.

"Nimekuja kukushukuru, Mwalimu. Siku zile za mwisho marehemu alikuwa na furaha. Kila mlo jina lako. Nami nataka unifundishe."

Nguchiro angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimshuku.

"Bi Nyati, alikwambia kwamba kifua kilimbana?"

"La."

"Aliniambia mimi. Nilijua maana yake, nikamwambia akimbie. Tulitaka maji."

Akafumba macho, akingoja kwato. Kwato hazikuja.

"Ungemwomba," Bi Nyati akasema polepole. "Siku ile aliyokuletea asali, ungemwomba tu maji. Angekupa kisima kizima."

Akainua kikapu chake akaenda zake. Nguchiro alibaki mlangoni, na tangu siku hiyo hakumfundisha mtu mbio tena. Wadogo waliendelea kumsifia, naye kila aliposifiwa aliingia ndani akajifungia.

Basi wanangu, mwili wako ukisema basi, usikie. Na anayekukataza kuusikia, jua ana lake.