Mguu Mkavu wa Kiboko

Paukwa.
Pakawa.
Chungu kimeungua.
Kina ukoko.
Nani atakula ukoko?
Aliyenyamaza.

Haya, nyamazeni basi. Na wewe Tunu, acha kuyageuzageuza hayo mahindi. Yataiva yenyewe, moto haujasahau kazi yake.

Hapo kale wanyama wa bonde moja walikuwa na chemchemi moja, na chemchemi ilikuwa na mzimu wake. Mzimu ulikuwa na miiko, na miiko ilikuwa na mlinzi. Mlinzi wa kwanza alikuwa Kobe. Wazee walifundisha hivi: ukivuna, kabla hujala, peleka limbuko kwenye jiwe la mzimu, kiganja kimoja, mara moja kwa mwaka, kisha unywe maji kwa amani. Kobe alikaa juu ya jiwe mchana kutwa, mguu mkavu, akipokea. Alionja kidogo, akashukuru, akalala.

Kobe akafa kwa uzee. Masika yale mto ukafurika, na mafuriko yakamleta Kiboko. Akaiona chemchemi, akaipenda. Akaingia, chubwi. Hakutoka tena. Wanyama walipokuja kuchota maji walimkuta ndani, pua na masikio tu juu, akawaarifu kwamba yeye ndiye mlinzi mpya. Kanga akathubutu kumkumbusha kwamba mlinzi hukaa juu ya jiwe na mguu wake haulowi. Kiboko akapiga mwayo taratibu, meno yakaonekana yote, kila moja kama mchi. Akasema hayo yalikuwa mambo ya Kobe, dunia imebadilika, na mafundisho lazima yaende na wakati. Wanyama wakayatazama yale meno, wakaona kweli dunia imebadilika.

Basi yakaenda na wakati. Wanyama walipoanza kulima na vuli, Kiboko akasema zamani mlivuna mara moja, limbuko likawa mara moja. Siku hizi mnavuna mara mbili, leteni mara mbili. Yaende na wakati. Walipopanda mchicha na maboga kando ya mto, akataka na mchicha na maboga. Yaende na wakati. Kiganja kikawa kikapu, kikapu kikawa tenga. Asiyeleta hakunywa. Chakula kikiwekwa juu ya jiwe, Kiboko alinyoosha shingo, akafumba macho kwa ibada, kacha, kacha, kacha, kimekwisha. Mzimu umeshiba kidogo, alikuwa akisema.

Sasa, katika bonde lile aliishi Kindi, mama wa watoto wadogo. Ukimwona Kindi utadhani ni mkia tu umetoka matembezini. Lakini chini ya mkia ule palikuwa na akili, na mwaka huo aliihitaji yote, maana jua liliwaka mpaka mto na mashamba vikakauka kau. Hakuvuna kitu. Kilichobaki ni karanga za mbegu, alizozificha kwenye tundu la mti akisubiri mvua.

Akaenda kwa Kiboko, akapiga magoti, akaomba limbuko lipunguzwe kwa sababu ya ukame. Kiboko akapuliza maji puani.

"Neno la wazee halibadiliki," akasema.

"Na kule kuongezeka, Mlinzi? Toka kiganja mpaka tenga?"

"Kuongeza si kubadilisha, binti. Kupunguza ndiko kubadilisha."

Halafu akamwambia amesikia habari za karanga, na kwamba mzimu unazipenda karanga. Kindi akasema zile ni mbegu. Kiboko akajibu kwamba tumboni mwa mzimu hakuna mbegu wala chakula, vyote ni ibada, na kwamba bila karanga, maji asahau.

Kindi akarudi kwake na uchungu hata mkia haukumfuata vizuri. Akitoa mbegu, mvua ikija hana cha kupanda, watoto watakufa njaa. Asipotoa, hawataifikia hiyo mvua, maana tayari kitinda mimba wake alikuwa analamba umande kwenye majani. Akalia. Ndiyo, alilia, mwenye akili naye hulia. Akiwa analia, akamsikia yule mtoto anaimba kile kiwimbo kinachoimbwa na watoto wote wa bonde wakicheza, kile ambacho hakuna mkubwa anayekisikiliza. Kindi akafuta machozi. Akakisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Imba tena, mama."

Asubuhi akapita kila shimo na kila kiota, akawaita wanyama wote kwenye chemchemi. Wakaja na ndimi zao nje. Kindi akapanda juu ya jiwe, akalalamika kwa sauti ya huzuni kwamba bonde limeharibika. Vijana wa siku hizi wanadai mafundisho yabadilishwe. Wanadai dunia ya leo si ya jana. Yeye mwenyewe jana alikuwa na mawazo hayo, akaona haya, na sasa anamwomba Mlinzi awanyooshe wote kwa kiapo.

Kiboko akafurahi mpaka maji yakatetemeka. Nani hapendi kuombwa aape juu ya jambo linalomshibisha? Akainua kichwa, akaapa mbele ya mzimu na mbele ya wote: "Neno la wazee halibadiliki, hata chembe. Atakayelibadilisha, chemchemi hii imkatae."

"Imkatae," wanyama wakaitikia.

Kindi akashukuru sana. Akasema kiapo kizuri hufungwa kwa wimbo, tuimbe ule wa watoto, ndio wa wazee wenyewe. Wakaimba, kwanza kwa uvivu:

*Chemchemi ina jiwe,*
*jiwe lina mlinzi,*
*mlinzi mguu mkavu,*
*akilowa, si mlinzi.*

Walipofika mstari wa mwisho sauti zikapungua moja moja. Macho yote yakamgeukia Kiboko, aliyekuwa ndani ya maji mpaka kwenye nyusi.

Kiboko akacheka, peke yake. Akaanza kueleza kwamba maneno yale yalikuwa ya zama za Kobe. Kindi akainamisha kichwa kwa adabu, akauliza kama hayo ndiyo mabadiliko, au ni vijana tu ndio wanaobadilisha. Kanga akasogea mbele. Ngiri akasogea mbele. Meno ni meno, lakini kiu nayo ni kiu, na kiapo kimesikiwa na bonde zima. Kiboko akaona kwamba akikaa majini amejilaani mwenyewe. Akatoka, gu, gu, gu, akapanda juu ya jiwe. Alijituliza kwamba watamwonea haya, watamwambia basi, shuka.

Hakuna aliyesema basi.

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukaza. Akageuza jicho.

"Kindi, binti yangu, wazee si walikuwa na huruma?"

"Walikuwa nayo, Mlinzi. Lakini neno lao halibadiliki. Umetufundisha mwenyewe."

Jua likafika utosini. Ngozi ikalia, ka, ka, ka.

"Kindi, mama, mguu mmoja tu nikiuchovya, nani ataona?"

"Mzimu utaona, Mlinzi. Neno lao halibadiliki. Umetufundisha mwenyewe."

Jua likakaa palepale utosini, nalo kama limekuja kusikiliza. Mgongo ukapasuka, jasho jekundu likamtiririka. Wakati huo wote wanyama hawakuyagusa maji, maana nao hawakuwa wametoa limbuko na kiapo kilikuwa cha wote, wamekaa tu wanamtazama, na Kindi naye koo lake linawaka. Alikuwa anamwonea huruma, tusiseme uongo. Lakini alimwonea huruma zaidi yule mtoto wa umande.

Mwishowe Kiboko akapiga ukelele: "Yaende na wakati!"

"Yapi hayo, Mlinzi?"

"Mafundisho. Wazee hawakuwahi kuona kiboko. Wangemwona, wangesema mengine. Yaende na wakati, jamani, yaende."

"Yaende yote, au yaende ya mguu wako peke yake?"

Hapo ndipo ilipomuuma Kiboko kuliko jua. Akalitazama jiwe, akawaza matenga. Akayatazama maji.

"Yote," akasema.

Kindi akataja taratibu, wote wakisikia: limbuko lirudi kiganja kimoja, mara moja kwa mwaka. Mwaka wa ukame hakuna limbuko. Mbegu haitolewi kamwe. Maji ni ya kila mwenye koo. Na mlinzi aloweshe mguu, hata na tumbo, mzimu hauna neno. Kiboko akaitikia kila moja kabla halijaisha, na la mguu aliliitikia mara mbili. Wanyama wakasema, "Imekubaliwa."

Kiboko akajitupa. Chubwiii. Maji yakaruka, yakawamwagikia wote waliosimama, na kitinda mimba wa Kindi akafumbua kinywa, akanywa yaliyomdondokea usoni, huku anacheka.

Mvua ikanyesha, Kindi akapanda, karanga zikazaa. Kiboko akajifunza kula majani ya mtoni kama viboko wengine. Jiwe likabaki tupu, na jiwe tupu halikai, wakamchagua Kindi awe mlinzi. Mwaka uliofuata Swala akaleta kiganja chake cha mtama. Kindi akaunusa, akakunja pua.

"Mzimu huu hupendelea karanga," akasema. "Zilizomenywa."

"Tangu lini?" Swala akauliza.

"Tangu zamani."

Hadithi yangu imefika kizingitini, mwenye mlango aifungulie.

Imefunguliwa.

Mnaona basi, watoto, fundisho lake. Maneno ya wazee hayabadilishwi, hata chembe. Anayeyabadilisha anatafuta balaa. Na wazee wa jiko hili walifundisha kwamba hindi la kwanza kuiva ni la msimuliaji. Lete hapa, Tunu.

"Lakini Bibi, jana ulisema la kwanza ni la mgeni."

Jana tulikuwa na mgeni. Yaende na wakati, mwanangu. Lete hindi.