Kwa Nini Mja Mzito Hufunga Leso Chini ya Tumbo

Enzi za mababu wa mababu zetu, huku milimani Taita, mja mzito hakufunga kitu tumboni. Aliliacha lining'inie lilivyotaka. Kiuno kikimuuma, alinyamaza. Miguu ikivimba, alinyamaza. Kulalamika kulionekana kama kumtukana mtoto kabla hajazaliwa.

Wakesho, mke wa Mwakio, alikuwa amefika mwezi wa mwisho wa mimba yake ya kwanza. Na lile halikuwa tumbo la mchezo! Akilala chali anakosa pumzi, akila tu kiungulia kinampanda kooni, akiinama kuokota mwiko mgongo unamkata. Hakumwambia mtu, hata Mghoi, mamamkwe wake, aliyekuwa akiishi naye.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya siku nyingi, mlima ulinguruma. Ufa ukafunguka juu ya migomba, na jirani akapiga kelele:

"Mlima unashuka! Vukeni kijito, pandeni ng'ambo!"

Mwakio na wanaume wenzake walikuwa mbali malishoni. Mghoi ndiyo kwanza alikuwa anatua kuni. Akaupiga mzigo chini, ukanda wa kubebea ukabaki begani, akamshika Wakesho mkono, wakakimbia. Kijito wakakivuka. Lakini katikati ya mpando Wakesho akasimama, jasho linamtiririka.

"Mama, siwezi. Wewe nenda."

"Niende wapi nimwache mjukuu wangu? Sema, mwanangu, panauma wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Maneno yakamtoka kama maji yaliyozibuliwa. "Hapa chini, mama! Linanivuta kama litadondoka! Na kiuno kinavunjika!"

Mghoi hakujua dawa. Akaweka viganja viwili chini ya tumbo, akaliinua kidogo.

"Hapo hapo!" Wakesho akapiga kelele. "Usiachie!"

Nyuma yao mlima ukanguruma tena. Mghoi akauvuta ule ukanda begani, mpana, ngozi yake imelainika kwa miaka ya kuni. Akaupitisha chini ya tumbo, akaufunga nyuma kiunoni, si kwa kubana, kwa kubeba tu. Wakesho akapiga hatua moja. Akapiga nyingine. Halafu, amini usiamini, akamtangulia mamamkwe wake!

Walipofika juu, mlima ukaporomoka, kishindo kikatikisa miti. Nyumba zote zikafunikwa, lakini watu walikuwa salama. Wanawake wakamzunguka Wakesho, wakaushika ukanda, wakacheka huku wanalia.

"Nifungeni na mimi!" mja mzito mwingine akadai pale pale.

Mwezi haujaandama, Wakesho akajifungua binti, mzima kama kigongo, na vigelegele vikavuka bonde.

Tangu siku ile, mimba ikiwa kubwa, mwanamke wa huku hufunga chini ya tumbo, zamani ngozi, leo leso. Na kabla ya kumfunga, mamamkwe humuuliza panauma wapi. Naye husema, tena kwa sauti.