Ulimbo wa Sungura na Kinda la Kasuku

Mwaka huo jua liliwaka hadi Mamba akatoka kutembea nchi kavu kutafuta mto, asiuone. Visima vilikauka. Twiga, aliyezoea kuwatazama wenzake kutoka juu, alilala chini kama kamba. Ni kasuku tu waliorudi kila jioni midomo imelowa, lakini waliruka juu mno na kwa kasi mno, na hawakuwa na desturi ya kuzungumza na wasio na mbawa.

Ndipo kinda mmoja wa kasuku akaanguka kutoka kiotani, na Simba akaitisha baraza.

"Mbawa zake zitakomaa baada ya siku saba," alisema huku akijitengeneza manyoya ya shingo. "Atawafuata wenzake hadi kwenye maji. Tunachotaka ni arudi kutuambia yaliko. Ningemzoesha mwenyewe, ila mfalme habembelezi ndege. Atakayefanikiwa atakunywa wa kwanza."

"Nipeni mimi," alisema Fisi. "Nawapenda sana watoto."

"Tunajua," alijibu Sungura. "Hasa wakiwa na chumvi." Kisha akapanda juu ya kichuguu. "Ndugu zangu, hii ni kazi ya kitaalamu. Mimi ni mbobezi wa saikolojia ya manyoya."

"Ulisomea wapi?" aliuliza Nungunungu.

"Mbali."

Jibu hilo likawatosha wote. Sungura akapewa kinda ndani ya tundu la fito.

Utaalamu wenyewe ulikuwa hivi: alitia mkono tunduni, akambana kinda na kumwamrisha, "Nipende!" Kinda akamng'ata. Akambana tena, akang'atwa tena. Kufikia siku ya pili Sungura alikuwa na vidole vilivyofungwa majani, na kinda amejikunyata pembeni, hali chochote.

"Ndege huyu hafundishiki," alilalamika Sungura. Akamwita jirani yake. "Dada Nungu, hebu nisafishie tundu kila siku. Mimi niko kwenye utafiti." Akaenda kulala.

Nungunungu alikuwa mtu wa kuambiwa, "Sogea kule, usituchome." Hata enzi za maji alisimama mwisho wa foleni. Hakuwa na mazoea ya kumshika mtu, maana hakuna aliyekubali kushikwa naye. Alifungua mlango wa tundu, akaketi, akaulaza mkono chini na punje za mtama kiganjani, akatazama pembeni.

"Usiponijia si kosa," alisema. "Nimezoea kuogopwa, mwanangu."

Siku hiyo kinda hakusogea. Siku ya tatu alinyakua punje iliyodondoka kando, akakimbia. Nungunungu hakugeuka. Siku ya nne alidonoa kwenye ncha ya ukucha. Siku ya tano akapanda kiganjani, akala, akajisaidia humo humo, akasinzia. Mkono ulimfa ganzi Nungunungu, lakini hakuutikisa. Akampa jina la Mchicha, kwa ukijani wake.

Sungura akachungulia. "Kumbe nimefaulu!" alisema.

Siku ya saba alimbeba Mchicha hadi barazani. Ila kwanza alijipaka kiganjani ulimbo, ule utomvu mzito wa kunasia ndege, akambandika humo.

"Tazameni! Mkono wangu uko wazi, wala haruki!"

Waliokuwa bado na nguvu wakapiga makofi.

"Mwambie aende basi," alisema Simba. "Tuna kiu."

Mchicha akapigapiga mbawa, akalia. Hakuinuka.

"Ananipenda mno, Mfalme," alisema Sungura, jasho likimtoka. "Hana moyo wa kuniacha."

"Hicho si kilio cha mapenzi," alisema Nungunungu. "Amenaswa."

"Wivu! Huyu ni mfagiaji wangu tu!"

Nungunungu alikwenda kwake akaleta mafuta ya nyonyo, akamnasua Mchicha kidole kimoja kimoja. Simba akainama. "Hebu nikione hicho kiganja."

Sungura akakificha nyuma haraka, na pale pale kikagandana na mkia wake. Enzi hizo Sungura alikuwa na mkia mrefu, tena akiuringia.

Mchicha akaruka, akawa nukta, akapotea. Wakangoja. Jua likapita utosini.

"Umetupotezea maji, Dada," alisema Fisi. "Heri ningemla."

Nungunungu akaketi pale pale, kiganja wazi, akatazama pembeni. Safari hii haikuwa rahisi kutazama pembeni.

Alasiri, kivuli kidogo kikapita juu ya vichwa vyao. Mchicha akampita Simba, aliyekuwa amenyoosha mkono kana kwamba anajinyoosha tu. Akampita Sungura. Akatua kiganjani mwa Nungunungu na kumtilia mdomoni tone moja la maji. Hivyo ahadi ya Simba ikatimia bila msaada wa Simba.

"Yako nyuma ya majabali mekundu," alisema Mchicha. "Twende nikuonyeshe. Na hawa wakitaka, wafuate."

Wakapanga foleni nyuma ya Nungunungu, kwa adabu, na kwa mbali kidogo kwa sababu ya miiba. Sungura alifika wa mwisho, akichechemea kwa miguu mitatu. Aliomba msaada. Aliyejitolea kumnasua ni Fisi peke yake, na Fisi alitumia meno. Ndiyo maana mkia wa sungura uko kama mnavyouona. Akiulizwa, husema ni mtindo.

Hiari yashinda utumwa.