Upande wa Kushoto wa Picha

Ndugu zangu, leo sina sauti kubwa. Wiki nzima nimekuwa nikitazama picha za mateso ya watu, na zimenichosha. Basi sogeeni mbele kidogo, na mnaozungumza kule nyuma mpumzike, niwape mfano mmoja tu.

Mji mmoja ulikuwa na fundi wa fremu. Mzee wa miaka sabini hivi, vidole vimejaa makovu ya vioo, mkimya, mzee wa kanisa, hana ugomvi na mtu. Fremu zake zote zilikuwa za ukubwa mmoja, kwa sababu vioo alivyovipata vilikuwa vya ukubwa mmoja, na picha isiyoenea aliipunguza pembeni kwa kisu na rula. Kila mtu alilijua hilo, na watu wakaligeuza kuwa huduma. Mama ameachana na mumewe, analeta picha ya harusi: "Fundi, huyu bwana asiingie." Ndugu wamegombania shamba, wanaleta picha ya ukoo: "Huyu wa mwisho, mpunguze." Fundi analaza rula, kisu kinapita, shemeji hayupo. Mnacheka. Wengine hapa mnazo picha za namna hiyo sebuleni, zenye mkono begani mwa bibi harusi na mwenye mkono haonekani.

Sasa mwalimu wa historia wa mji ule alitaka watoto wajue jinsi wanadamu walivyobaguana na kutesana tangu zamani. Akakusanya picha arobaini ili zitundikwe katika ukumbi wa kanisa, akampelekea fundi.

"Zote ziingie kwenye fremu za ukubwa mmoja, ukumbi upendeze," akasema mwalimu. "Ukipunguza pembeni kidogo haidhuru."

Fundi akakaa nazo siku sita. Kulikuwa na picha ya watu waliofungwa mnyororo shingoni, wanatembea kwa mstari. Familia iliyoshonewa alama kwenye makoti ili itambulikane mitaani. Benchi lenye maandishi ya kusema nani akalie na nani asikalie. Kijiji kinaungua, wenyewe wamesimama barabarani na magodoro vichwani. Nchi nyingine, miaka mingine, na magodoro yale yale. Siku ya kwanza fundi alilia. Siku ya tatu machozi yalikuwa yamekwisha, amebaki na uchovu tu. Nyumbani hakula vizuri, na mkewe alipomuuliza ana nini, akajibu, "Wanadamu, mama watoto. Wanadamu."

Picha ya arobaini ilikuwa ya mji wao wenyewe.

Miaka hamsini nyuma waliishi pale watu waliotoka ng'ambo ya milima kuja kukata mkonge. Walikaa, wakazaa, wakajenga. Ukaja ukame, na watu wakaanza kunong'ona kwamba wageni wamefunga mvua. Minong'ono ikawa mkutano, mkutano ukawa amri, na wageni wakapewa siku moja kuondoka. Siku hiyo mpita njia mmoja mwenye kamera alipiga picha moja, na picha yenyewe ikalala ndani ya bahasha katika ofisi ya kanisa miaka yote hiyo. Hapakuwa na nakala nyingine.

Katikati ya picha nyumba inaezuliwa mabati. Kulia kuna ukuta na mbuzi wawili. Kushoto mwanamke ameketi juu ya sanduku, na mbele yake kijana wa miaka ishirini amebeba cherehani, ndiyo kwanza anageuka kuondoka nayo. Cherehani ilikuwa ya yule mwanamke. Kijana alikuwa fundi wetu.

Akaitazama muda mrefu. Watoto wake hawakulijua jambo lile. Wajukuu wake wangeletwa ukumbini na shule nzima. Na kweli picha ilikuwa pana, ilizidi fremu kwa vidole vinne. Angeweza kuipunguza kulia, kwenye mbuzi. Akalaza rula kushoto. Kisu kikapita kama kilivyopita kwa mashemeji wote wa mji ule, na kipande akakitia jikoni, kwenye mkaa uliokuwa ukichemsha gundi. Karatasi ya zamani haichukui muda kuungua.

Moyoni akajiambia, habari si imebaki? Nyumba ipo, mabati yapo, ubaya unaonekana. Nani amedhulumiwa kwa vidole vinne vya karatasi?

Nawauliza ninyi. Nani?

Maonyesho yakafunguliwa, watu wakajaa. Walipita mbele ya zile picha wakitikisa vichwa, wanasema, "Watu wa zamani walikuwa na roho mbaya." Wa zamani, wanasema. Fundi alipewa kazi ya kuketi mlangoni na daftari la wageni, na kila aliyetoka alimpa pole kana kwamba amefiwa.

Siku ya tatu, saa za mchana, akaingia mama mmoja wa makamo na begi la safari. Picha thelathini na tisa alizipita bila kusimama. Akasimama kwenye ya mwisho. Akasogea, akarudi nyuma, akachungulia ukingo wa fremu kwa upande, kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akaja kwa fundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu uandike jina."

"Samahani, baba. Ile picha ya mwisho imeishia pale?"

"Imeishia pale," akasema fundi.

Mama yule akaweka begi chini. "Nilikuwa na miaka sita. Namkumbuka yule mtu wa kamera, maana sikuwahi kuona kamera. Alitugeuzia sisi. Mama yangu alikuwa upande huu wa kushoto, amekaa juu ya sanduku letu. Mimi nilikuwa nyuma ya sanduku, nimejificha."

Fundi akalifunga daftari.

"Alifia njiani wiki ile ile. Sina picha yake, hakuna ndugu aliye nayo. Niliposikia kwenye redio kwamba picha ya siku ile imepatikana, nilisafiri siku mbili." Akaionyesha ile picha kwa kidole. "Kulikuwa na kijana pale na cherehani yetu. Huyo sikumfuata, baba. Akiwepo au asiwepo, simhitaji. Nimekuja kumwona mama. Uso wake umenitoka, na umri huu nilio nao nimeshampita. Nikijitazama kwenye kioo najiuliza, hivi ndivyo alivyokuwa? Sijui."

Fundi akasema, "Nisubiri."

Akaenda kwenye karakana yake. Alijua kabisa kwamba kile kipande kimeungua, kwa mkono wake, lakini alipiga magoti akapekua mabaki yote chini ya meza, akachambua majivu ya jiko kwa vidole. Akapata mashemeji. Akapata waume walioachwa na wajomba waliogombana. Mama wa mtu hakumpata. Akakaa pale sakafuni akaona kitu ambacho miaka hamsini hakutaka kukiona: uso ule ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani. Ulikuwa kichwani mwake yeye.

Akarudi ukumbini na mikono ina majivu, akakaa kwenye kiti mbele ya yule mama.

"Alikuwa na alama ya kuungua hapa, chini ya sikio," akasema. "Uso wake ulikuwa wa mviringo. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Hakuwa akilia."

Yule mama akamtazama. "Umejuaje?"

"Alikuwa ananitazama mimi. Mimi ndiye niliyeshika cherehani."

Ukumbini kulikuwa na watu, na wote walisikia. Fundi akasubiri atukanwe. Akasubiri apigwe kofi, na kwa kweli alilitamani, maana kofi lingemaliza jambo. Yule mama hakumtukana, wala hakusema amemsamehe. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akafunga macho.

"Endelea," akasema. "Alivaa nini?"

Ndugu zangu, fundi hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka kujiondoa yeye tu, na hakuna namna ya kujiondoa yeye bila kumwondoa yule aliyekuwa mbele yake. Walisimama pamoja. Sisi tuliofanya, na sisi tuliotazama tukanyamaza, tumo katika picha moja na wale waliofanyiwa. Tukiukata uso wetu tunaukata na uso wao, nao hawana nakala nyingine.

Nimechoka kusikia tukiambiana tusifukue makaburi. Tunaona haya, na haya tumeipa jina la amani. Hapa kati yetu wapo wa umri wa yule fundi. Mnakumbuka nani aliitwa mchawi akahamishwa na watoto wake. Mnakumbuka mtoto mwenye ulemavu wa ngozi aliyekatazwa kucheza na wenzake, na mlango uliofungwa ulikuwa wa nani. Tunadhani siku wakija watatudai shingo zetu, ndiyo maana tunakaa kimya mpaka tufe na siri yetu. Je, kama hawatudai shingo? Kama wanachotaka ni kuambiwa mama yao alivaa nini siku ile, na aliyebaki kujua ni wewe peke yako? Utakwenda nacho kaburini?

Atakayemweleza binti yule hatakuwa malaika. Atakuwa yule aliyeibeba cherehani, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Jumanne ijayo mimi nina nyumba moja ya kwenda, na nawaambia ukweli, sina hamu ya kwenda. Nimeiahirisha miaka mingi na nimewahubiria mengi mazuri huku nikiiahirisha. Nitakwenda. Ninyi nyumba zenu mnazijua. Tuinamishe vichwa.