Nguruwe Alivyotangulia Funguni

Niazimeni masikio.
Chukua, uyarudishe mazima.
Niwape ya kweli au ya kupendeza?
Ya kupendeza. Za kweli tunazo nyumbani.

Basi hapo kale palikuwa na kisiwa, kidogo hivi kwamba ukipiga chafya mashariki, unaombewa afya magharibi. Kilikuwa na chemchemi moja ya maji matamu na mkubwa mmoja, Nguruwe. Na desturi ya kisiwani ilikuwa mkubwa kutangulia. Nguruwe alitangulia kunywa, gugu-gugu-gugu, wengine wakafuata wakanywa tope. Nguruwe alitangulia kuchimba viazi pori, fuku-fuku-fuku, wengine wakafuata wakaramba maganda. Desturi hiyo aliipenda, na aliyeisahau alikumbushwa kwa ncha ya jino.

Kando ya chemchemi, chini ya mizizi, aliishi Kirukanjia, yule mnyama mdogo anayefanana na panya aliyevutwa pua. Alikuwa na watoto wachanga. Wakienda matembezini hushikana mikia, mmoja nyuma ya mwenzake, mama yao mbele.

Siku moja Nguruwe akapita akitangaza. "Kesho anakuja Korongo, mtaalamu wa visiwa. Ana miche ya matunda, na humpa mwenye mpango endelevu. Mje mkutanoni, mshirikishwe."

"Kushirikishwa ndiyo kufanywaje, Mzee?" akauliza Mama Kanga.

"Mimi nasema, ninyi mnakubali."

"Na huo mpango?"

"Upo tayari. Tunahamia kule funguni, ili chemchemi ipumzike. Mimi nitabaki kuilinda."

Kirukanjia akawavuta watoto wake karibu. Fungu lile la mchanga alilijua. Maji yakitoka ni jeupe, linapendeza. Siku ya bamvua maji yakijaa, halionekani hata ukucha. Na kesho ilikuwa bamvua, na watoto wake hawajui kuogelea.

Nguruwe alipokwisha kwenda, Mama Kanga akasema, "Tukatae. Tupige kelele mpaka mgeni asikie."

"Tukipiga kelele, shoga yangu," akajibu Kirukanjia, "ataambiwa hatutaki maendeleo. Na hapa anaaminiwa mwenye sauti nene. Tukubali."

"Umerogwa wewe?"

"Tukubali kila kitu. Halafu tumpe heshima yake."

Akawaita na wengine, akawanong'oneza, chwi-chwi-chwi. Wakacheka. Kobe, anayeelewa taratibu, alianza kucheka wenzake walipokwisha nyamaza.

Asubuhi Korongo akatua, akasimama kwa mguu mmoja kama wasomi wanavyosimama. Swali lake lilikuwa moja tu. "Wakazi wameshirikishwa?"

"Kikamilifu," akasema Nguruwe, kisha akawageukia. "Ndugu wakazi, tuache kuchimba viazi pori, ardhi ipumue. Mwasemaje?"

"Twakubali, Mzee. Tangulia, tukufuate."

Korongo akatikisa kichwa kwa furaha. Nguruwe akajikuna.

"Tupunguze kunywa, maji yasiishe. Mwasemaje?"

"Twakubali, Mzee. Tangulia, tukufuate."

Nguruwe, ambaye alikuwa hajanywa tangu alfajiri, akameza mate.

"Tuhamie funguni, kuna hewa safi. Mwasemaje?"

"Twakubali, Mzee. Tangulia, tukufuate."

"Mimi nilifikiri nibaki kidogo..."

"Mzee wetu," akasema Kirukanjia, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya adabu, "tangu lini wadogo wakatangulia hapa? Tutakukosea heshima mbele ya mgeni?"

"Nimezunguka visiwa vingi," akasema Korongo. "Kiongozi wa kutangulia sijamwona. Hili nitalitazama mpaka mwisho."

Nguruwe akageukia pwani. Akashika njia. Akavuka mchanga mkavu, akasimama katikati ya fungu, akajiambia mgeni akiruka tu, yeye anarudi. Mgeni hakuruka.

Maji yakaanza kurudi. Chwa, chwa, yakafika kwatoni. Chwa, chwa, yakafika magotini.

"Mzee," akaita Kirukanjia, "tufuate sasa?"

"Bado, nanyoosha miguu."

Chwa, chwa, yakafika tumboni.

"Mzee, watoto wangu wameshikana mikia, wako tayari. Tufuate?"

Nguruwe akawatazama wale watoto ufukweni, wamejipanga. Maji yakamgonga kidevu. Na hapa nimpe haki yake, kwa sababu angeweza kunyamaza.

"Msije," akasema. "Usiwalete hao. Huku kunazama."

"Ulijua?" akauliza Korongo.

"Kila mtu hapa anajua. Hukuwauliza," akasema Nguruwe.

Korongo akashusha mguu wa pili.

Wimbi likamnyanyua Nguruwe, pwaa. Mkondo ukampeleka mpaka kwenye mikoko, akatoka akikohoa, amejaa matope masikioni. Alipofika chemchemini aliwakuta wamekaa duara. Kanga alikuwa akieleza viazi vipi viachwe vizae, Kobe amefika nusu ya sentensi yake, na Korongo, aliyesimama kwa miguu yote miwili, anasikiliza.

"Sogeeni, Mzee apate pa kukaa," akasema Kirukanjia. "Mzee, tumefika kwenye zamu za maji. Watoto wanaanza. Mwasemaje?"

Nguruwe akawatazama wote, akatazama maji. "Nakubali," akasema. "Wakitangulia, nitafuata."

Miche ikapandwa siku ileile.

Ngano nimeitua hapa, mwenye mabega aibebe. Na fundisho lake, wanangu, ni hili: mkubwa akiwaletea mpango, msiulize, msipinge, msibadili hata neno. Kubalini tu. Mmeona wenyewe wenzenu walivyokubali kila kitu, na kisiwa kikapona.

Yachukueni masikio yenu.
Tumeyapokea. Yamerudi makubwa.